Shore na komba wa Rondo: wanakula sawa, hawaishi sawa

SHORE ni ndege asiyehitaji kutambulishwa kwa mkazi wa Mbagala au Tegeta. Ana kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, na kabla jua halijachomoza huwa ameshaanza kuimba juu ya mwembe au waya wa umeme. Hula wadudu na matunda. Papai lililoivia mtini hulitoboa kabla mwenye mti hajaamka.

Komba wa Rondo ni mnyama wa jamii moja na kima, lakini uzito wake, gramu 60 hivi, unakaribia ule wa shore. Naye hula wadudu na matunda, naye hutambulika kwa sauti: milio yake ya usiku iliwasaidia wataalamu kumtenga na komba wengine wadogo katika miaka ya 1990. Asichanganywe na komba mkubwa, yule anayesifika kwa kunywa tembo katika vibuyu vya wagema.

Kinachowatenganisha ni makazi. Shore hufuata watu. Panapofyekwa msitu na kupandwa mipapai, hupata chakula na pa kujenga kiota. Komba wa Rondo huwinda karibu na ardhi, akiruka kutoka shina hadi shina la miti midogo iliyo kivulini mwa miti mikubwa. Miti midogo hiyo ndiyo wanayoitafuta wakataji wa fito na nguzo, na ile mikubwa huliwa na tanuri za mkaa.

Anajulikana katika misitu michache tu ya pwani, kuanzia Rondo na Litipo mkoani Lindi hadi Pugu-Kazimzumbwi wilayani Kisarawe na Pande jijini Dar es Salaam. Eneo lake lote ni takriban kilometa za mraba 100. Pande, pori la akiba tangu 1990, lina kilometa za mraba 12 hivi, na jina lake lilivuma magazetini mwaka 2006 kwa habari za mauaji ya wafanyabiashara wa madini, si kwa komba. Jirani yake ni Mabwepande, walikohamishiwa waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011.

Shore akikatiwa mwembe huhamia ua wa pili. Komba wa Pande akitaka kuwafikia wenzake wa Pugu-Kazimzumbwi, katikati ipo Barabara ya Morogoro, pamoja na nyumba za Kimara, Mbezi na Kibamba.