Kutoka Mtwara hadi Songea: Sisi Tuliopo Katikati

Ndugu wana-Tunduru, mlio nyumbani na mlio mbali,

Chukueni ramani, mpige mstari kutoka kiwanja cha ndege cha Mtwara hadi cha Songea. Mstari unakwenda karibu moja kwa moja magharibi, kilomita 500 na chache. Ndege ya pangaboi ingemaliza safari hiyo kwa saa moja hivi, ikituacha sisi kusini kwake kama kilomita 60. Lakini msafiri ambaye ratiba inampitisha Dar es Salaam huruka karibu kilomita 980, yaani mara mbili kasoro kidogo, na bado hajahesabu saa za kusubiri.

Wazee wetu hawakuwa na Dar ya kuzungukia. Wayao walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu. Misafara ya pembe za ndovu, na kwa huzuni ya watumwa pia, ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikashuka hadi Kilwa. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka pwani karibu na Mikindani mwezi Machi, akafuata Ruvuma, akaliona Ziwa Nyasa mwezi Agosti. Miezi minne na zaidi! Katika msafara huo alikuwemo Chuma, Myao, ambaye miaka minane baadaye alikuwa miongoni mwa waliofikisha maiti ya bwana huyo Bagamoyo. Vitabu vingi humtaja kama mtumishi tu. Mimi namwita msafiri kuliko bosi wake.

Reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ilitoka Mtwara kuelekea Nachingwea. Haikutufikia, na mradi ulipokufa reli nayo iling'olewa.

Tukabaki na barabara ya vumbi. Anayekumbuka Landrover za Songea hahitaji kusimuliwa: abiria wamebanana, mizigo juu, utingo na koleo lake. Kiangazi ulifika mwekundu kichwa hadi miguu. Kifuku ulilala njiani, pengine zaidi ya usiku mmoja, gari likiwa limezama hadi ekseli. Hata wakati wa vito, miaka ya 1990, wageni waliofuata mawe ya Muhuwesi kutoka Thailand na Sri Lanka walikula tope lile lile.

Walioumia zaidi ni wagonjwa. Songea, makao ya mkoa wetu, ni takriban kilomita 260. Mtwara ni karibu 390. Mama aliyeshindwa kujifungua hakuulizwa ni kilomita ngapi. Aliulizwa kama mvua imenyesha.

Lami ilikuja miaka ya 2010, vipande vya Mangaka hadi Tunduru na Tunduru hadi Namtumbo vilipokamilishwa. Leo Mtwara hadi Songea, kilomita 650 na ushei, ni basi la siku moja, na Songea kutoka kwetu ni saa nne hivi. Kwa maoni yangu hakuna ndege iliyotubadilishia maisha kama lami hiyo.

Ila saa nne huhesabiwa kuanzia mjini. Mgonjwa wa kijiji cha kando ya Ruvuma kwanza lazima aifikie hiyo lami, na njia ya kumleta bado ni ya udongo. Kifuku kikianza, yeye bado anaishi katika zama za Landrover.