KAYA, NYUMBA NA MASLAHI: HISTORIA YA WATU WA KAUNTI YA NASSAU

Idadi ya watu huelezwa mara nyingi kana kwamba ni jambo la maumbile, mfano wa mvua na kiangazi. Watu huzaliwa, huhama na kufa; karani wa sensa hupita na kuhesabu; mwisho wake ni jedwali. Mtazamo huo hautoshi. Nyuma ya kila jedwali la sensa kuna maamuzi: nani alipewa mkopo na nani alinyimwa, ardhi ilikatwa viwanja vya ukubwa gani, nani alikuwa na kura ya kuamua jirani yake awe nani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jambo hilo kwa kuchambua mahali pamoja, yaani Kaunti ya Nassau, iliyopakana na jiji la New York upande wa mashariki.

Tumeichagua Nassau kwa sababu moja. Katika Marekani yote ni vigumu kupata mahali ambapo maisha ya vitongoji vya jiji yalijengwa kwa kasi na kwa ukamilifu zaidi kuliko pale. Kwa hiyo mafanikio ya mfumo huo yanaonekana pale waziwazi, na migongano yake pia.

Kaya ni nini?

Kabla ya kwenda mbele inafaa tuelewane juu ya neno. Katika sensa za Tanzania, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha. Kwa lugha ya nyumbani, wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja yaweza kuwa na kaya tatu. Sensa ya Marekani hufuata mlango: watu wote wanaokaa katika makazi yenye mlango wao ni kaya moja, wawe ndugu au wapangaji wasiojuana.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa maandishi, lakini maana yake ni kubwa. Kama kaya ni mlango, basi kaya mpya haiwezi kuzaliwa katika hesabu mpaka upatikane mlango mwingine. Vijana wawili wakioana na kubaki kwa wazazi, sensa haioni kaya mpya. Huona kaya ileile iliyonenepa. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana ndilo ufunguo wa historia yote inayofuata.

Kutoka mashamba ya viazi

Nassau iliundwa rasmi mwaka 1899. Mwaka mmoja kabla yake jiji la New York lilikuwa limeimeza sehemu ya magharibi ya Kaunti ya Queens, na miji mitatu ya mashariki, yaani Hempstead, North Hempstead na Oyster Bay, ikabaki nje na kufanywa kaunti mpya. Sensa ya mwaka 1900 ilikuta watu 55,448. Wengi walikuwa wakulima, wavuvi na wafanyakazi, pamoja na matajiri wachache wenye majumba makubwa ya pwani ya kaskazini.

Mwaka 1910 reli ya Long Island ilipitishwa chini ya mto hadi katikati ya Manhattan. Tangu hapo mtu aliweza kulala Nassau na kufanya kazi mjini. Watu waliongezeka kutoka 126,120 mwaka 1920 hadi 303,053 mwaka 1930, na kufikia 406,748 mwaka 1940. Vita Kuu ya Pili ikaleta kazi katika viwanda vya ndege, hasa kile cha Grumman pale Bethpage.

Vita ilipokwisha, askari walirudi, wakaoa, na hawakupata pa kukaa. Serikali ilikuwa na vyombo viwili vya kushughulikia tatizo hilo: idara ya kudhamini mikopo ya nyumba iliyoundwa mwaka 1934, na sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliotoka vitani. Kampuni ya Levitt na Wanawe iliona nafasi. Ilinunua mashamba ya viazi katika uwanda wa Hempstead, ambako wakulima walikuwa wakisumbuliwa na minyoo ya mizizi, ikaanza kujenga kwa utaratibu wa kiwanda. Kazi iligawanywa hatua kwa hatua. Kila kikundi kilifanya jambo moja tu, kikahamia nyumba ya pili. Wapangaji wa kwanza waliingia Oktoba 1947 kwa kodi ya dola 60 kwa mwezi. Mwaka 1949 nyumba ziliuzwa kwa dola 7,990. Hadi mwaka 1951 kampuni ilikuwa imejenga nyumba 17,447 katika Levittown na kandokando yake.

Matokeo yake katika sensa yalikuwa ya kushangaza. Nassau ilikuwa na watu 672,765 mwaka 1950, na 1,300,171 mwaka 1960. Katika miaka kumi tu waliongezeka watu 627,406.

Nani alifunguliwa mlango?

Hatuna budi kukiri kwamba hili lilikuwa jambo kubwa kwa wafanyakazi. Fundi wa kiwandani, karani na dereva walipata nyumba yenye uwanja, jambo ambalo wazazi wao hawakuliota. Lakini lazima tuulize ni wafanyakazi gani.

Mikataba ya kwanza ya Levittown ilikuwa na kifungu kilichokataza nyumba kutumiwa au kukaliwa na mtu asiye Mzungu. Kifungu hichohicho kilimruhusu mtu mweusi kuwamo kama mtumishi wa nyumbani. Yaani alikubaliwa jikoni kama nguvu kazi, akakataliwa mlangoni kama jirani. Wala hili halikuwa tendo la mfanyabiashara peke yake: idara ya serikali iliyodhamini mikopo ilipendelea mitaa ya rangi moja. Askari mweusi alirudi kutoka vita ileile, akakuta dhamana ya serikali yake imesimama upande wa pili.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mapatano ya namna hiyo. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba. Hata hivyo muundo uliokwisha kujengwa haukubomoka kwa sahihi. Sensa ya mwaka 1990 iliwakuta Levittown watu 53,286, na kati yao watu weusi walikuwa 137. Familia nyingi za watu weusi zilielekezwa kwenye sehemu chache: Roosevelt, Hempstead, Freeport, New Cassel. Gazeti la Newsday lilifanya uchunguzi wa miaka mitatu na kuutoa Novemba 2019. Wanunuzi wa majaribio, mmoja mweusi na mmoja Mzungu, walipelekwa kwa madalali walewale. Mweusi alitendewa tofauti katika asilimia 49 ya majaribio.

Kaya yenyewe nayo ilipimwa kwa kipimo kimoja: baba anayefanya kazi, mama wa nyumbani na watoto. Wakopeshaji walizoea kupunguza au kupuuza mshahara wa mke walipokadiria uwezo wa familia, hadi sheria ya mwaka 1974 ilipoanza kuzuia ubaguzi huo.

Watoto walipokua

Mwaka 1970 Nassau ilifikia watu 1,428,080. Mwaka 1980 walikuwa 1,321,582. Mwaka 1990, 1,287,348. Katika miaka 20 walipungua watu 140,732. Hapakuwa na vita wala njaa, na nyumba hazikubomolewa. Nini kilitokea?

Jibu la kwanza ni umri. Familia zilizohamia kwa pamoja zikiwa changa zilizeeka kwa pamoja. Watoto wakaondoka, wazazi wakabaki wawili, kisha mmoja. Shule zilizojengwa kwa haraka miaka ya 1950 zikaanza kufungwa. Levittown ilikuwa na watu 65,276 mwaka 1960. Baada ya miaka 30 walikuwa wamepungua kwa watu 11,990.

Lakini jibu hilo halitoshelezi. Kwa nini watoto hao hawakuanzisha kaya zao hapohapo? Hapa ndipo tunapogusa kiini cha suala.

Kuamua kiwanja kitumikeje si kazi ya kaunti. Mamlaka hiyo iko mikononi mwa miji mitatu, majiji madogo mawili na vijiji 64 vyenye serikali zao. Sehemu kubwa ya ardhi imetengwa kwa nyumba moja, ya familia moja, katika kiwanja kimoja. Tena kuna wilaya za shule 56, na kila moja hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi za eneo lake. Wilaya ya shule ya Levittown ilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo. Mwaka 1982 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikaamua kwamba tofauti hizo hazivunji katiba. Basi mwenye nyumba akisikia kwamba ghorofa itajengwa karibu naye, hupiga hesabu mbili: watoto wapya watapandisha kodi yake ya shule, na thamani ya nyumba yake huenda ikashuka. Huenda mkutanoni akapinga.

Mfanyakazi aliyenunua nyumba mwaka 1949 alijikuta na maslahi mawili yanayogongana. Kama mzazi, alitaka mwanawe apate nyumba kwa bei ambayo mshahara unaimudu. Kama mwenye mali, alitaka bei ipande kila mwaka, kwa kuwa nyumba ndiyo ilikuwa akiba yake ya uzeeni. Mgongano huo haukuwa kati ya tabaka na tabaka tu. Ulikaa meza moja na chakula cha jioni. Na kwa sababu mwenye nyumba ana kura pale kijijini, na kijana asiye na nyumba amekwisha kwenda kukaa kwingine, maslahi ya mali yalishinda mara nyingi.

Milango ileile, watu wengine

Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, na hasa baada ya 1980, waliingia watu kutoka El Salvador, Haiti, India na kwingineko. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa karibu asilimia 10 ya watu wa Nassau mwaka 2000, na karibu asilimia 15 mwaka 2010.

Sasa tutazame hesabu ya kaya. Mwaka 2000 zilikuwa 447,387. Mwaka 2010 zilikuwa 448,528. Ongezeko la kaya 1,141 kwa miaka kumi, katika kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja na laki tatu! Mwaka 2000 kaya ya wastani Nassau ilikuwa na watu 2.93, wakati kaya ya Marekani kwa jumla ilikuwa na watu 2.59. Msomaji wa haraka angesema kwamba watu wa Nassau wanapenda familia kubwa. Ukweli ni kwamba milango haikuongezeka. Vijana wa miaka 30 walibaki katika vyumba walivyolelewa. Wahamiaji walijibana familia mbili katika nyumba moja. Vyumba vya chini ya ardhi vikapangishwa bila kibali. Kwa kipimo cha chungu, kaya hizo ni nyingi zaidi kuliko zinavyoonekana katika jedwali.

Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 1,395,774. Ni dhahiri, basi, kwamba baada ya miaka 50 Nassau ilikuwa bado haijarudi mahali ilipokuwa mwaka 1970. Mwaka 2023 gavana wa New York alipendekeza mpango wa kujenga nyumba 800,000 katika jimbo zima kwa miaka kumi, na kuzitaka serikali za mitaa ziongeze makazi. Viongozi wengi wa Nassau waliupinga wakitetea haki ya kila mji kujiamulia, na mpango haukupita.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, wingi na uchache wa watu katika mahali ni matokeo ya sheria za ardhi, mikopo na kodi, na yafaa usomwe pamoja nazo. Pili, kumfanya mfanyakazi awe mwenye nyumba ni jambo jema, lakini ikiwa nyumba hiyo ndiyo akiba yake pekee na shule ya mwanawe hutegemea kodi yake, atalazimika kuwa mlinzi wa mlango dhidi ya anayekuja nyuma yake, hata kama ni mtoto wake. Tatu, ubaguzi ulioandikwa katika mkataba waweza kufutwa kwa siku moja, lakini ubaguzi uliojengwa kwa matofali na mipaka ya viwanja hudumu vizazi.

Swali hili linaihusu miji yote inayopanuka na kugeuza mashamba ya jana kuwa viwanja vya leo. Kila kiwanja kinapokatwa, yafaa wapangaji na wananchi waulize mapema: wale ambao bado hawajazaliwa watafungua mlango upi? Serikali ya Marekani haikuuliza swali hilo pale Hempstead mwaka 1947, na watu wa Nassau wamelijibu kwa gharama ya watoto wao.