Fahamu klasta za HACC: Jinsi watafiti wanavyotumia chipu za FPGA bila kuzinunua

Umewahi kufundishwa kifaa darasani halafu ukamaliza chuo hujakigusa? Kwa wengi waliosoma uhandisi wa kompyuta, FPGA ndiyo iko hivyo. Kwenye slaidi ipo, maabara kuna bodi moja ndogo ya kugombania.

FPGA ni chipu ambayo saketi zake unazipanga wewe mwenyewe, hata baada ya kutoka kiwandani. Ya kwanza ya Xilinx, XC2064, ilitoka mwaka 1985. Prosesa ya kawaida inafuata maagizo ya programu. FPGA unaigeuza yenyewe iwe mashine ya kazi yako moja, iwe kuchuja data au kukokotoa hesabu za AI. Ikipangwa vizuri, inaongeza kasi na kupunguza umeme.

Shida ni bei. Kadi ya seva kama Alveo U280 iliuzwa kwa maelfu ya dola, na inaweza kula hadi wati 225. Si kitu cha kuchomeka kwenye laptop. Inataka seva, feni za maana na umeme usiokatika.

Ndipo zikaja klasta za pamoja. Xilinx ilizianzisha kwa jina la XACC. Baada ya AMD kuinunua kampuni hiyo Februari 2022, zikaitwa HACC, na GPU zikaongezwa. Ziko ETH Zürich (Uswisi), Paderborn (Ujerumani), UCLA na Illinois Urbana-Champaign (Marekani), pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore. Mtu wa chuo anaomba akaunti kwa ajili ya utafiti au kufundishia, akikubaliwa anaingia kwa SSH akiwa popote. Na SSH ni maandishi tu yanayopita, kwa hiyo hata bando dogo linatosha.

Sasa hapa ndipo wageni wanapokwama. Kubadilisha kodi iwe saketi ya kadi kubwa hakuchukui dakika mbili. Ni masaa, wakati mwingine usiku mzima. Ukiishikilia kadi muda wote huo, umewanyima wenzako kitu ambacho hata wewe hukitumii. ETH wametenganisha mambo: unajenga kwenye seva zisizo na kadi, ukimaliza unabuku seva yenye kadi kwa muda maalum. Muda ukiisha, anaingia mwingine.

Kwa hiyo usikimbilie kubuku. Jaribu kwanza kwa programu ya kuiga kadi, makosa mengi utayakuta hapo. Inaboa, lakini kosa la mstari mmoja likigundulika asubuhi ya zamu yako, usiku mzima umepotea.

Kama unachotaka ni GPU ya kujifunzia AI tu, huhitaji kuomba huko. Google Colab ya bure inafunguka kwenye brauza, ingawa haikuahidi utapata GPU gani, na kipindi kimoja hakizidi masaa 12. FPGA haina.