Suluhu na Mashahidi Wake: Funzo la Sudan



Kuwapatanisha wagombanao ni kazi njema, wala hapana asiyeisifu. Lakini je, umepata kujiuliza kwa nini suluhu nyingine hudumu na nyingine huvunjika? Tuitazame Sudan, ambako watu wa nchi moja walipigana, wakapatana, kisha wakapigana tena.

Vita vya kwanza baina ya serikali ya Khartoum na watu wa Kusini vilianza kwa maasi ya askari wa Torit mwezi wa Agosti 1955. Miaka 17 baadaye pande mbili hizo zilikutana Addis Ababa. Waliowakutanisha hawakuwa madola makubwa, bali viongozi wa mabaraza ya makanisa ya ulimwengu na ya Afrika, pamoja na Mfalme Haile Selassie. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 27 Februari 1972. Kusini ikapewa serikali yake ya jimbo mjini Juba, na wapiganaji 6,000 wa Anyanya wakaingizwa katika jeshi la taifa.

Amani ile iliishi miaka 11 tu. Wapatanishi walikwisha rudi kwao, na ahadi ikabaki mkononi mwa mtu mmoja, Rais Jaafar Nimeiri. Mwezi wa Mei 1983 askari wa Bor waliasi. Juni yake Nimeiri akaigawa Kusini mikoa mitatu kwa amri tu, bila ya kuwauliza wenyewe kama mapatano yalivyotaka. Vita vikarudi, na inakadiriwa kuwa roho zipatazo milioni mbili zilipotea.

Mara ya pili mazungumzo yalifanyika Kenya, chini ya jumuiya ya IGAD, msimamizi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Marekani, Uingereza na Norway zilisaidia kusukuma. Hapo Machakos, tarehe 20 Julai 2002, Kusini ilikubaliwa haki ya kujiamulia kwa kura. Novemba 2004 Baraza la Usalama lilitoka New York likaja kuketi Nairobi, na pande zote mbili zikaahidi mbele yake kumaliza. Tarehe 9 Januari 2005 Ali Osman Taha na John Garang wakatia sahihi. Safari hii mashahidi hawakuondoka: askari wa Umoja wa Mataifa walitumwa, na kura ikapigwa Januari 2011. Karibu watu 99 katika kila 100 walichagua kujitenga, na Khartoum ikakubali.

Lakini usidhani kuwa mashahidi peke yao watosha. Darfur, iliyokwisha waka moto 2003, haikuwamo katika mapatano hayo. Na Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe Desemba 2013.

Basi tuzingatie. Mgeni aweza kukutandikia jamvi la suluhu na kushuhudia ukitia sahihi, ama kutimiza ni juu yako, kwani ahadi ni deni. Nasi tunapowasuluhisha ndugu wawili, tusiondoke mara wakishapeana mikono. Turudi kesho, na kesho kutwa, tuwaulize: lile mliloahidiana limetimizwa?