Gololi na beringi

Gerejini, neno gololi mara nyingi husimama mahali pa beringi. Yafaa kutofautisha: gololi ni vile vipira vya chuma vinavyozunguka kati ya bangili mbili, beringi ni kifaa kizima. Kwenye klachi ya skuta isiyo na gia za kubadili, puli ya nyuma kwa kawaida hubebwa na beringi mbili: moja ya gololi, nyingine ya roli nyembamba mithili ya sindano. Beringi ikivuma au kulegea, hubadilishwa nzima. Haijazwi gololi mpya. Grisi nayo iwe ya kuhimili joto, tena kidogo, maana ikivujia sehemu zinazosuguana, klachi huteleza. Dukani, basi, omba beringi, na utaje namba iliyoandikwa ubavuni mwake.