Risasi ya Kusubu Nyumbani na Swala wa Marekani

Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana mbili. Ni jina la madini yale laini na mazito, yenye rangi ya kijivu. Tena ni jina la kitu kile kidogo kitokacho katika mtutu wa bunduki kikaua. Maana hizi mbili hazikukutana bure. Mzee aliyewinda kwa gobori, akipata madini hayo, aliyayeyusha motoni, akayasubu katika kalibu, akayaacha yapoe, na kilichotoka kilikuwa risasi. Kabla ya moto ni risasi, na baada ya moto ni risasi.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu waliofanya kazi hiyo hiyo mbali sana na kwetu, katika nyika za Marekani, wakiwinda mnyama mwenye mbio kuliko wote wa bara lile. Wengine walimwinda kwa bunduki, na baadaye wako waliomwinda hata kwa bastola. Habari zao zafaa kufikiriwa, maana zatuonyesha jinsi mwindaji apungukiwapo na kiasi, na jinsi kiasi kiwezavyo kurudishwa.

Kwanza tumtazame mnyama mwenyewe. Wamarekani wamezoea kumwita swala, walakini si swala hasa. Mtaalamu George Ord alimpa jina la Antilocapra americana, maana yake swala-mbuzi wa Marekani. Pembe zake zina tagaa, na kila mwaka ganda la nje la pembe humtoka, likaota jingine. Swala wetu hawana jambo hili. Wataalamu wa siku hizi wamechunguza nasaba yake, wakaona ya kuwa jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi wa Afrika. Hukaa penye uwanda wazi, ana macho makubwa yaonayo mbali sana, na akitoka mbio aweza kupita maili 50 kwa saa.

Mwaka 1804 makapteni wawili waliotumwa na Rais Thomas Jefferson, Meriwether Lewis na William Clark, walianza kupanda mto Missouri wakitafuta njia mpaka bahari ya magharibi. Tarehe 14 Septemba mwaka ule Clark alimpiga swala-mbuzi wa kwanza wa safari yao. Siku tatu baadaye Lewis alijaribu kuwanyemelea wengine. Alitambaa, akazunguka, akafika kama hatua 200, ndipo wakapata harufu yake, wakaondoka kwa mbio hata akawafananisha na ndege warukao. Hivyo mtu mwenye bunduki njema alirudi mikono mitupu.

Lakini Lewis alikuwa mwenye busara katika jambo jingine. Kabla ya safari alitengenezesha mikebe 52 ya madini ya risasi, akatia baruti ndani yake, akaifunga isiingie maji. Kila mkebe ulichukua ratili 4 za baruti, na mkebe wenyewe ulikuwa ratili 8 za risasi. Baruti ilipokwisha, mkebe uliyeyushwa, ukasubiwa kuwa risasi. Hapakuwa na mzigo wa bure: kilichohifadhi baruti ndicho kilichokuwa risasi. Tarehe 1 Februari 1806, karibu na bahari ya magharibi, waliifungua mikebe iliyobaki, wakakuta baruti kavu kabisa katika mikebe 35, ingawa katika misiba ya safari ilikuwa imezama majini saa nyingi. Akiba haiozi, na watu wale walikula nyama na kurudi kwao salama Septemba ya mwaka ule.

Baadaye silaha zilibadilika. Mwaka 1836 Samuel Colt alipata hati ya serikali kwa ajili ya bastola yenye gurudumu la matundu, ambayo yaweza kupigwa mara kadhaa bila kushindiliwa tena. Mara nyingi bastola zake ziliuzwa pamoja na kalibu ndogo ya kusubia risasi, kwa kuwa mnunuzi huenda akaishi mwendo wa siku nyingi kutoka duka lolote. Basi mpanda farasi wa nyikani alikuwa na bastola kiunoni, na penye moto wa jioni aliweza kujifanyia risasi zake.

Yule mwenye kusubu risasi moja moja hawezi kuua makundi. Kilichowaangamiza swala-mbuzi ni mambo mengine yaliyokuja pamoja. Mwaka 1869 reli iliunganisha mashariki na magharibi, ikachukua nyama na ngozi mpaka sokoni. Bunduki za kupiga mfululizo zilienea, pamoja na risasi za kiwanda zilizouzwa kwa masanduku. Kisha, tangu 1874, uzio wa seng'enge ya miiba ulienea upesi katika nyika. Na mnyama huyu, kwa mbio zake zote, hana desturi ya kuruka uzio, bali hupenda kupita chini yake. Wawindaji wa biashara waliua bila hesabu. Walipohesabiwa katika miaka ya 1922 mpaka 1924, swala-mbuzi wa Amerika ya Kaskazini walikuwa kama 30,000 tu, masalio ya mamilioni.

Hapo ndipo watu walipoamka. Majimbo mengi yalikuwa yamefunga uwindaji. Mwaka 1931 palitengwa hifadhi ya Sheldon katika jimbo la Nevada, na mwaka 1936 ile ya Hart Mountain katika jimbo la Oregon. Kisha tarehe 2 Septemba 1937 ilitiwa sahihi sheria iitwayo Pittman-Robertson, ya kwamba kodi itozwayo bunduki za uwindaji na risasi za kiwanda itumike kwa kuhifadhi wanyama. Mwaka 1970 bastola nazo zikaingizwa katika mpango huo. Fikirini jambo hili, wasomaji: yule anunuaye chombo cha kuulia analipa ili mnyama asiishe. Swala-mbuzi wakahamishwa kutoka mahali walipobaki, wakapelekwa mahali walipokwisha, na leo wamekuwa laki kadhaa.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mfuga ng'ombe na mwindaji wa jimbo la Idaho, Elmer Keith, aliyezaliwa 1899 akafa 1984. Tangu miaka ya 1920 alijaribu kuipa bastola nguvu ya kuua mnyama mkubwa kwa risasi aliyoisubu mwenyewe. Risasi yake ilikuwa nzito, yenye uso bapa na mabega makali, ili ikate tundu safi. Mwishoni mwa 1955 kiwanda cha Smith & Wesson kilitoa bastola mpya yenye nguvu nyingi, na majaribio ya Keith yalikuwa sababu mojawapo.

Kazi ya kusubu ni hivi. Madini ya risasi huyeyuka kwa moto wa digrii 327. Keith alitia sehemu 1 ya bati katika sehemu 16 za risasi, nasi hatusemi mabati ya kuezekea, bali madini yale meupe na laini, ili mchanganyiko uwe mgumu kidogo na ujaze kalibu vizuri. Takataka huondolewa juu, kalibu hupashwa moto, kisha mchanganyiko humiminwa upesi. Risasi ya kwanza huwa na makunyanzi kwa sababu kalibu haijapata moto, hurudishwa chunguni. Ile iliyo njema hupakwa nta na mafuta katika mifuo yake, isikwaruze mtutu. Tone moja la maji likiingia chunguni, hugeuka mvuke mara moja, na risasi ya moto humrukia mtu usoni. Kadhalika moshi wake na vumbi lake ni sumu; haifai kuifanya jikoni, wala karibu na watoto.

Mwenye bastola na risasi ya namna hii hawezi kumpiga swala-mbuzi tangu mbali kama mwenye bunduki. Imempasa kufika yadi 100, au afadhali 50. Na kufika hapo mbele ya macho yale ni kazi ya kutambaa kwa tumbo katika miiba, kulala penye maji wanapokunywa, na mara nyingi kurudi bila kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wako wabishao wakisema Keith mwenyewe alisimulia ya kuwa alimpiga paa kwa bastola tangu yadi 600. Ndiyo, alisimulia, na watu walibishana sana. Lakini yeye alieleza ya kuwa mnyama yule alikuwa amekwisha jeruhiwa na mwenziwe, na hakutaka aponyoke na kidonda. Aigaye umbali ule kwa kujisifu hujeruhi bila kuua, na mnyama aliyejeruhiwa hufa polepole mahali asipoonekana.

Limebaki neno moja zito. Madini yale yaliyo rahisi kuyeyuka ni sumu hata baada ya kuua. Mwindaji akiacha matumbo ya mnyama porini, ndege walao mizoga humeza vipande vya risasi. Tai mkubwa wa California aitwaye kondori alikuwa amebaki 22 tu mwaka 1982, na sumu hiyo imekuwa sababu kubwa ya vifo vyake. Kwa hiyo tangu tarehe 1 Julai 2019 jimbo la California limekataza risasi ya madini haya katika uwindaji wote; watu hutumia shaba. Ni kweli kwamba risasi ngumu ya bastola, iendayo polepole, haivunjikivunjiki kama ile ya bunduki yenye mbio. Hata hivyo sumu ni sumu, na mwenye kusubu hana budi kuisikia habari hii, hata kama aipenda kalibu ya babu yake.

Basi tumeona ya kuwa chombo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwindaji mwema. Wamarekani walikuwa na bunduki bora, wakakaribia kummaliza mnyama wao. Wakaweka sheria, mnyama akarudi. Na yule ajifanyiaye risasi kumi kwa jioni nzima hujua thamani ya kila moja, wala haitupi ovyo. Ujuzi huo wa thamani ndio ufaao kurithiwa. Madini yaweza kubadilishwa. Kiasi kikipotea, hakuna kalibu ya kukisubu upya.