Opera: Kivinjari kidogo kilichotufungulia intaneti

Februari 2013, kampuni ya Opera Software ya Oslo, Norwei, ilitoa habari mbili kwa mkupuo. Ya kwanza ilikuwa ya furaha: watumiaji wa vivinjari vyake, wa kompyuta na wa simu kwa pamoja, walikuwa wamefika milioni 300 kwa mwezi. Ya pili ilikuwa msiba kwa mashabiki wa tangu zamani. Injini ya Presto, ambayo wahandisi wa kampuni hiyo waliiunda wenyewe, ingewekwa kando, na Opera ingehamia kwenye injini iliyotumiwa na Chrome ya Google.

Injini ni sehemu ya kivinjari inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa ukurasa unaoonekana. Mwenye injini yake ana kauli kuhusu namna intaneti inavyofanya kazi. Anayeazima hufuata njia iliyopasuliwa na mwenzake. Ndiyo maana tangazo lile lilituuma sisi tunaokipenda kivinjari hiki. Kilikuwa na watumiaji wachache kwenye kompyuta, lakini mchango wake uliwafikia hata wasiowahi kulisikia jina lake.

Kazi ya vijana wawili

Mradi ulianza 1994 katika utafiti wa shirika la simu la Norwei, ambalo leo ni Telenor. Jon Stephenson von Tetzchner, mzaliwa wa Aisilandi, na mwenzake Geir Ivarsøy waliandika kivinjari chao kuanzia mwanzo. Mwaka uliofuata walitoka na mradi huo wakaanzisha kampuni, na 1996 wakatoa toleo la kwanza kwa umma.

Fahari yao ilikuwa udogo na wepesi. Katika miaka ile ya 1990 Opera iliweza kuenea kwenye disketi moja ya megabaiti 1.44, na ilikimbia vizuri kwenye kompyuta kuukuu. Wakati wengine walifungua dirisha jipya kwa kila ukurasa, yenyewe ilikusanya kurasa nyingi ndani ya dirisha moja. Mwaka 2001 ilileta ishara za kipanya: unabana kitufe cha kulia, unavuta kipanya kushoto, unarudi ukurasa uliotangulia. Mwaka 2007 ikaja Speed Dial, yaani picha ndogo za tovuti uzipendazo zinazojitokeza kila ufunguapo kichupo kipya. Vivinjari vikubwa vya leo vina kitu cha namna hiyo, na wengi wanaovitumia hudhani kimekuwapo siku zote.

Kampuni hiyo pia ilikuwa nyumba ya Håkon Wium Lie, Mnorwei ambaye mwaka 1994, akiwa CERN, alipendekeza CSS, lugha inayopanga rangi, herufi na mpangilio wa kurasa za tovuti. Alijiunga na Opera 1999.

Vita ya mdogo na mkubwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika soko la vivinjari methali hiyo iligonga mwamba. Opera ilitaka ilipiwe, au ukubali kuona matangazo, wakati Internet Explorer ilikuja bure ndani ya Windows. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa intaneti walikuwa kwenye kivinjari hicho cha Microsoft. Watengenezaji wa tovuti nao walizipima kazi zao hapo tu.

Mapema 2003 watu wa Opera waligundua kwamba tovuti ya msn.com, mali ya Microsoft, ilikuwa ikiipelekea Opera 7 maelekezo tofauti ya mpangilio, hivyo ukurasa ukaonekana umeharibika. Walipobadili jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo, kutoka Opera kuwa Oprah, ukurasa ulikuja ukiwa mzima. Desemba 2007 kampuni ilipeleka malalamiko mapana zaidi kwa Tume ya Ulaya, ikipinga Internet Explorer kufungwa pamoja na Windows. Kutokana na shauri hilo, kuanzia 2010 watumiaji wa Windows barani Ulaya walionyeshwa orodha ya vivinjari wachague wenyewe. Microsoft ilipoacha kuwaonyesha baadhi yao orodha hiyo, mwaka 2013 ilitozwa faini ya euro milioni 561.

Mashabiki hawakukaa pembeni. Aprili 2005 von Tetzchner aliahidi kwamba nakala milioni 1 za Opera 8 zikipakuliwa ndani ya siku 4, ataogelea kutoka Norwei hadi Marekani, akipitia kwa mama yake Aisilandi kunywa chokoleti ya moto. Zikapakuliwa, naye akajitosa majini, japo hakufika mbali. Septemba mwaka huohuo matangazo yaliondolewa na Opera ikawa bure kabisa.

Vocha, Bluetooth na Opera Mini

Januari 2006 Opera Mini ilifunguliwa kwa dunia nzima. Ililenga simu za vitufe zinazoendesha programu za Java, zenye kioo kidogo na kumbukumbu finyu. Ukiomba ukurasa, ombi lilikwenda kwenye seva za Opera. Huko ukurasa ulichukuliwa, ukapangwa, picha zikapunguzwa, kisha ukabanwa na kutumwa simuni. Ukurasa uliweza kubaki na sehemu ya 10 tu ya uzito wake.

Kwetu Afrika Mashariki, hesabu hiyo ilikuwa ya fedha mfukoni. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa, Julai 2009, ukanda huu ulitegemea sana setilaiti, huduma ya gharama kubwa na ya polepole. Vocha ndogo iliyoishia kwenye kurasa chache ilitosha kusoma gazeti zima kwa Opera Mini. Vijana walirushiana programu hiyo kwa Bluetooth, simu hadi simu, na aliyekuwa na kiswaswadu akafungua barua pepe yake bila kupanga foleni intaneti kafe.

Wepesi huo ulikuwa na upande wake wa pili. Kwa kuwa seva za Opera ndizo zilizofungua ukurasa, hata mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji yalifunguliwa huko kwanza. Kusoma habari hakukuwa na shida. Kuingia kwenye akaunti ya benki kulihitaji tahadhari.

Baada ya Presto

Von Tetzchner aliondoka Opera 2011. Julai 2013 ikatoka Opera 15 yenye injini mpya, bila mambo mengi ambayo wapenzi wake walikuwa wameyazoea. Mwaka 2016 biashara ya kivinjari iliuzwa kwa wawekezaji wa China kwa takribani dola milioni 600. Aprili mwaka huo von Tetzchner alitoa toleo kamili la kwanza la Vivaldi, kivinjari cha kampuni inayomilikiwa na wafanyakazi wake. Humo nimezikuta tena ishara za kipanya na uhuru wa kupanga kila kitu nitakavyo. Lakini hata Vivaldi imejengwa juu ya msingi wa Chromium wa Google, kwa sababu kuunda injini mpya ni mzigo mzito kwa kampuni ndogo. Microsoft yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaiacha injini yake na kuhamia huko.

Kati ya injini kubwa zimebaki tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko inayoendesha Firefox. Zikipungua zaidi, kampuni moja itaamua tovuti zetu zifanyeje kazi, na wabunifu kama wale wa Oslo watakosa mlango wa kuingilia. Hilo tunaweza kulizuia. Anayetengeneza tovuti ya shule, benki au ofisi ya umma aijaribu kwenye Firefox pia kabla ya kuikabidhi. Nawe msomaji, weka kivinjari cha pili kwenye simu au kompyuta yako, kile ambacho hukukikuta humo, na ukipe kazi ya kila siku. Mambo mengi unayoyafurahia leo yalianza kwa watu waliofanya hivyo.